Heda za Gari la Mpwa Wetu

Wasomaji wetu wapenzi, na hasa kina mama ambao ndio wengi wa wanaotuandikia, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuingia mahali ambapo safu hii haijapata kuingia, nako ni chini ya boneti ya gari. Tunaandika juu ya mabomba ya moshi. Tunajua wapo watakaosema kwamba sheikh amekosa la kuandika. Nasi twawaomba wavute subira, kwa kuwa mabomba haya yalikaribia kuwatenga baba na mwanawe katika nyumba tuipendayo, na kwa kuwa ndani ya habari hii mna jambo liwezalo kumfaa hata asiyemiliki baiskeli.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu mkubwa, anaishi Dearborn katika jimbo la Michigan, Marekani, mwaka wa 20 sasa. Dearborn ni mji ulioshikana na Detroit. Ndipo yalipo makao makuu ya kampuni ya Ford, na ndipo walipo Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Lebanon, Yemen na Iraki, hata mtu apitapo baadhi ya mitaa yake huona vibao vya maduka vimeandikwa Kiarabu. Mwaka jana alitualika, tukakaa kwake majuma matano, tangu Julai hadi Agosti. Yeye hufanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Mkewe, binti wa Malindi, ni muuguzi. Wana mvulana wa miaka 17, na binti ambaye wakati huo alikuwa na miezi 7.

Katika banda la gari lililo chini ya chumba cha watoto, pamoja na gari la kwendea kazini, palikuwa na jingine lililofunikwa turubai. Lilikuwa Chevrolet Nova ya mwaka 1970. Mpwa wetu alilinunua mwanawe alipokuwa na miaka 10, akamwahidi kwamba watalifufua pamoja. Miaka saba ikapita, na turubai halikuondoka ila mara chache. Si kwamba baba alikuwa mvivu. Zamu za usiku zilimla, na kila senti ya ziada ilikuwa ikija huku nyumbani, kumjengea mama yake nyumba Kisauni. Kuta zilikwisha simama, likabaki paa.

Msomaji atauliza, gari la zamani hivyo lina nini? Wamarekani wana aina ya magari wanayoyaita magari ya misuli. Habari yake, kwa ufupi, ni kwamba katika miaka ya 1960 viwanda vya Detroit vilianza kuchukua magari ya ukubwa wa kati, ya watu wa kawaida, na kuyatia injini kubwa. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. Yakafuata mengine mengi, hata kufikia mwaka 1970 palikuwa na Chevelle iliyouzwa kwa hesabu ya nguvu za farasi 450. Kisha bima zikapanda, sheria za moshi zikakaza, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Zama hizo zikafifia. Leo yaliyobaki hutunzwa kama watu wa Lamu watunzavyo milango ya nakshi, na karibu kila Agosti, tangu mwaka 1995, maelfu yake hupita kwa maandamano katika barabara ya Woodward, itokayo Detroit kuelekea kaskazini. Mvulana wetu alitaka jambo moja tu: Nova yao iwe katika maandamano ya Agosti ile, kabla hajaondoka kwenda chuoni.

Injini ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Lililobaki ni mabomba ya moshi, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Kijana alitaka mabomba marefu, mapana, yenye kuunguruma. Baba, akifikiria paa la Kisauni, alisema vile vyuma vya zamani vingalipo, virudishwe vilivyo, na kama havikumridhisha basi gari liuzwe. Kijana akaacha kula mezani. Walikuwa wakipishana ukumbini kama abiria wa feri ya Likoni, kila mtu na safari yake. Mke wa mpwa wetu akatujia jikoni akasema, "Mjomba, hawa wawili wanakuheshimu wewe. Kaa nao." Tukamjibu kwamba katika elimu ya magari sisi ni maamuma. Akasema, "Vyema. Basi watalazimika kukueleza, na wakikueleza watakuwa wamezungumza."

Wakatueleza, nasi twawapa wasomaji tulichopokea.

Injini ya namna ile ina silinda 8, nne kila upande, zimekaa mfano wa herufi V. Kila silinda ikishachoma mafuta yake, huutoa moshi kwa kishindo kupitia tundu lake. Kiwandani, matundu manne ya kila upande hufungiwa kipande kimoja kizito cha chuma cha kusubu, nacho huitwa manifoldi. Ni mfano wa vyumba vinne vyenye mlango mmoja mwembamba: wa chumba hiki akitaka kutoka, humkuta wa chumba kile mlangoni. Ila manifoldi ina sifa zake. Haina makelele, haipasuki upesi, na huweza kuishi umri wa gari lenyewe.

Heda ni kinyume chake. Hizo ni bomba nne nyembamba za chuma, kila tundu na bomba lake, zinazokwenda peke yake kwa masafa kisha zikaungana katika bomba moja pana liitwalo kolekta. Faida yake si upana wa njia peke yake. Moshi wa silinda moja ukipita kwa kasi, huacha nyuma yake upungufu wa kanieneo. Na upungufu huo ukiwahi kwa wakati wake, humvuta anayefuata atoke wepesi, hata kusaidia kuingiza hewa mpya silindani. Injini hupumua vizuri zaidi kwa mafuta yale yale.

Tulidhani basi kwamba bomba likizidi upana ndivyo bora. Baba akacheka, kicheko cha kwanza tulichokisikia kwake wiki ile, akasema, "Mjomba, wewe ni mtu wa pwani. Maji ya mkondo hukimbia wapi?" Tukasema hukimbia penye mlango mwembamba, na penye upana hulegea. Akasema, "Na moshi ni hivyo hivyo." Bomba likiwa pana kupita kiasi cha injini, moshi hupoteza kasi, na gari huwa zito katika mwendo wa kawaida, likachangamka tu injini inapozunguka kwa wingi kama ilivyo mashindanoni. Injini yao ilikuwa ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, isiyoongezwa mambo makubwa. Kwa injini kama hiyo mafundi hupendekeza bomba la upana wa inchi 1 na 5/8. La inchi 1 na 3/4 ni la injini iliyotiwa nguvu zaidi, na la inchi 2 ni la injini kubwa zaidi na za mashindano. Kijana alikuwa amelipenda la 1 na 7/8. Alipomsikia baba yake akimweleza babu kwa upole jambo ambalo yeye alikuwa akigombezwa kwalo, akanyamaza, kisha akavuta kiti.

Likaja suala la urefu. Zipo heda fupi, ambazo huketi karibu na injini na hufungika bila taabu nyingi, lakini ongezeko lake la nguvu ni dogo. Zipo ndefu, ambazo hushuka hadi chini ya sakafu ya gari, nazo ndizo zitoazo nguvu ya kuhisika. Lakini hupita karibu na kila kitu. Katika Nova, upande wa kushoto zakutana na sanduku la usukani, kichujio cha oili na vyuma vya klachi. Upande wa kulia zakutana na stata, na joto lake laweza kuidhoofisha hata gari likakataa kuwaka mpaka lipoe. Nyaya za plagi zikiguswa huungua. Na kwa kuwa kolekta hukaa chini, kila tuta la barabarani huwa hasimu. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hanunui heda kwa jina la injini pekee. Hutaja aina ya gari, mwaka wake, gia zake ni za mkono au za kujiendesha, na plagi za kichwa cha injini zimekaa wima au zimelala. Asiyeuliza hayo hurudi dukani na sanduku mkononi.

Tatu ni chuma chenyewe. Heda ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi ndiyo ya bei ndogo, lakini rangi ile huungua katika siku za mwanzo, na kutu huingia. Michigan humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na sisi wa pwani hatuhitaji kufunzwa chumvi hufanya nini kwa chuma. Ya pili ni iliyotiwa mpako wa kauri, ndani na nje. Mpako huo huzuia kutu na hubakisha joto ndani ya bomba badala ya kuliacha limwagike juu ya injini. Ya tatu ni ya stenlesi, nayo ina daraja: ile iitwayo 409 ni ya bei nafuu zaidi na hupata kutu ya juu juu, na ile ya 304 hustahimili zaidi na bei yake huchoma. Katika orodha ya bei waliyokuwa nayo, ya kauri ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya rangi. Na kila tofauti ile ilipotajwa, tulimwona baba akihesabu mabati.

Siku ya tatu ya mazungumzo, mke wa mpwa wetu aliingia bandani na mtoto begani. Akasikiliza, kisha akauliza maswali mawili, na tangu hapo mambo yakakata.

La kwanza: "Gari hili ni la kazi gani?" Wote wawili wakamtazama. Je, ni la mashindano? Hapana. Ni la kwenda kazini kila siku? Hapana. Ni la kutoka Jumapili wakati wa kiangazi, baba na mwana, na mwezi wa Agosti kupita Woodward kwa mwendo wa pole. "Basi," akasema, "mbona mwachagua kama watu wanaokwenda vitani?"

La pili lilikuwa zito zaidi. Alinyoosha kidole juu, kwenye dari, ambapo ndipo penye kitanda cha mtoto. "Moshi huu ukivuja, huenda wapi?"

Hapa twaomba kina mama wasome kwa makini. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu akiivuta, hujishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na hivyo damu huzunguka mwilini bila kubeba uhai. Mwanzo wake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mtu huyadhania uchovu. Akalala, naye haamki. Magari ya Marekani tangu yale ya mwaka 1975 kwa sehemu kubwa hutiwa chombo cha kusafishia moshi kiitwacho katalitiki, lakini Nova ya 1970 haina. Mwanamke huyu huziona athari zake hospitalini kila majira ya baridi, watu wanapowasha magari ndani ya mabanda yaliyofungwa. Nasi hatupaswi kuudhani msiba wa ugenini: hewa ile ile hutoka katika jiko la makaa liingizwalo chumbani usiku wa mvua, milango ikafungwa, watoto wakalala. Jiko lenye makaa mekundu yasiyotoa moshi bado huua. Litolewe nje, na asiwepo wa kutuambia kwamba bibi yake alifanya hivyo maisha yake yote.

Swali hilo likabadili kipimo. Heda huvuja hasa pale zinapokutana na injini, kwenye bamba lenye matundu ya bolti. Bamba jembamba hupinda kwa joto, gasketi huungua, na moshi hupenya. Kwa hiyo walitafuta lenye bamba la unene wa inchi 3/8 badala ya lile la robo inchi, wakaongeza gasketi bora na bolti zenye kufuli. Kijana mwenyewe, bila kuombwa, akasema afadhali pesa ziende huko kuliko kwenye upana wa bomba. Na ikawekwa sharti: injini isiwashwe ndani ya banda hata kwa dakika moja, gari lisukumwe nje kwanza. Kengele ya kugundua hewa ile ikafungwa chumbani kwa mtoto na nyingine ukumbini.

Juu ya makelele, sheria za Marekani hutofautiana kwa majimbo. California, kwa mfano, haitaki ekzosi ya gari dogo ipite desibeli 95, na heda za magari ya huko yaliyotengenezwa baada ya mwaka 1975 sharti ziwe na namba ya kibali cha mamlaka ya hewa. Lakini jirani hana haja ya desibeli. Mpwa wetu ana mzee wa Kiyemeni ukutani kwake ambaye hulala baada ya Adhuhuri, na heda, kwa wembamba wa chuma chake, hupiga kelele kuliko manifoldi. Wakakubaliana juu ya sailensa mbili kamili. Kijana alisikitika kidogo. Tulimwuliza, "Sauti hii unataka aisikie nani?" Akatazama viatu vyake, akasema, "Nilitaka baba asikie kwamba gari limewaka, babu. Hata akiwa amelala mchana."

Hatukusema neno, wala baba yake.

Jioni ile mpwa wetu alimpigia simu mama yake. Tulikuwapo. Alimweleza kwa kuzunguka, kama watoto wafanyavyo hata wakiwa na mvi, kwamba kuna matumizi ya gari, na kwamba mabati huenda yakachelewa miezi miwili. Dada yetu ni mwanamke wa maneno machache. Alimwuliza mtoto anaondoka lini. Akaambiwa tarehe 25. Akasema, "Mimi nimeketi kwa dada yako na sinyeshewi. Mnunulie mtoto bomba lake." Kisha akataka apewe mjukuu wake, wakazungumza kwa muda mrefu kwa Kiswahili ambacho kijana alikuwa akikitafuta neno kwa neno.

Wakanunua heda ndefu, bomba la inchi 1 na 5/8, bamba nene, mpako wa kauri. Kuzifunga kuliwachukua siku mbili, wote wawili wamelala chali chini ya gari. Ilibidi stata itolewe ndipo heda ya kulia ipande, na ya kushoto ilikataa mara tatu mpaka kichujio cha oili kikafunguliwa. Tulisikia spana ikianguka, na maneno ambayo hatutayaandika, na kisha vicheko. Walipomaliza, wakapuliza hewa katika bomba la nyuma na kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kama fundi wa baiskeli atafutavyo tundu la tyubu. Kiungo kimoja kikatoa povu. Wakakifungua, wakakifunga upya. Baada ya injini kupata moto na kupoa, bolti zote zikakazwa tena, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka na kikipoa hurudi, na bolti hulegea. Fundi asiyerudia kazi hiyo siku za mwanzo huacha mlango wazi.

Walifika Woodward. Sisi tulikaa kiti cha nyuma, na tunakiri kwamba mgongo wetu haujasahau. Kijana ndiye aliyeendesha, baba kando yake akisikiliza injini huku ameinamisha kichwa, kama mwalimu amsikilizaye mwanafunzi akisoma. Hawakuzungumza mengi, na ukimya wao haukuwa ule wa ukumbini.

Wapo wazazi wengi, hapa na ughaibuni, waliopeleka jasho lao lote katika kuta na paa, wakawa wanadaiwa ahadi ndogo na mtoto wa miaka 10 aliyekwisha kuwa wa miaka 17. Deni hilo halina hati, na mdai wake hana pa kushtakia. Atazameni kila mmoja katika banda lake, au chini ya kitanda, au juu ya kabati: kuna mashine ya kushona iliyoahidiwa binti, kuna mtumbwi wa kupigwa kalafati, kuna redio iliyofunguliwa ikaachwa. Kazi yenyewe haina budi kuchaguliwa kwa akili, kwa kipimo cha haja na si cha kujionyesha, na usalama wa aliye mdogo kabisa ukiwekwa mbele ya yote. Na wakati wa kuchagua, aitwe mama wa nyumba aulize maswali yake.

Paa la Kisauni liliezekwa Novemba. Mabati yalichelewa miezi miwili na siku kumi.